Ramani ya Rigobert Bonne ya mwaka 1780: mapitio ya karatasi, bei na fremu, kutoka Kisumu

Kwa mtu anayeishi magharibi mwa Kenya na anayetaka kuanza kukusanya ramani za kale za Afrika zilizochongwa Ufaransa, sijapata karatasi inayofaa kununuliwa kwanza kuliko ile ya mchora ramani Mfaransa Rigobert Bonne inayoonyesha Mlangobahari wa Msumbiji, iliyochapwa mwaka 1780. Ni ramani ndogo, aghalabu haina rangi, na wauzaji wa Ulaya huitaja kwa ufupi katika katalogi zao kabla ya kuhamia kwa wachora ramani wenzake mashuhuri wa Ufaransa, Delisle na d'Anville. Hata hivyo nimekaa nayo ukutani hapa Milimani, Kisumu, nikiikagua kwa lenzi na kuilinganisha na nyingine zenye bei kubwa kuliko yake, na maoni yangu ni kwamba ni vigumu kupata ramani nyingine ya Kifaransa ya karne ya 18 inayompa mnunuzi wa kipato cha kawaida kazi halisi ya mchongaji wa shaba kwa bei kama hiyo.

Jina lake kamili ni Carte du Canal de Mosambique, contenant l'Isle de Madagascar avec les Côtes d'Afrique, depuis le Cap de Bonne Espérance jusqu'à Melinde, na kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, jina lenyewe ndilo maelezo: ndani mna mlangobahari, kisiwa cha Madagaska, na pwani ya Afrika kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Malindi yetu. Eneo lililochapwa ni takriban sentimita 32 kwa 21, kwa hiyo hutandazwa juu ya meza ndogo ya kusomea bila taabu. Haikutengenezwa iuzwe peke yake. Ilikuwa sehemu ya atlasi iliyoambatana na kazi kubwa ya Padri Raynal kuhusu makoloni na biashara ya Wazungu ng'ambo ya bahari, toleo la Geneva la mwaka 1780. Kazi hiyo, ambayo mwanafalsafa Diderot aliichangia sana bila jina lake kutajwa, iliishambulia biashara ya watumwa waziwazi, na mwaka 1781 mahakama kuu ya Paris iliamuru ichomwe moto, Raynal akalazimika kuikimbia Ufaransa. Amri hiyo haikuwazuia wasomaji. Matoleo yaliendelea kuchapwa, ramani zikasambaa nayo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ramani hizi za Bonne kupatikana kwa bei nafuu hadi leo: zilichapwa nyingi, na kwa kuwa zilifungwa ndani ya vitabu, jua na vumbi havikuzifikia.

Bonne alizaliwa mwaka 1727, na alikuwa mhandisi na mwanahisabati. Jacques-Nicolas Bellin, mchora ramani za bahari wa serikali ya Ufaransa, alipofariki mwaka 1772, Bonne ndiye aliyeshika nafasi yake mwaka uliofuata. Sisi tuliofanya kazi ya upimaji ardhi tulilijua jina lake darasani muda mrefu kabla ya kuiona karatasi yake, kwa sababu projeksheni ya Bonne, yaani namna ya kuutandaza uso wa dunia kwenye karatasi bapa, ile inayohifadhi ukubwa wa maeneo huku ikiipinda mistari ya longitudo, ndiyo iliyotumika kwa ramani kuu ya kijeshi ya Ufaransa katika karne ya 19. Nakiri kwamba jambo hilo linanipendelesha kwake. Lakini sifa ninazozitaja hapa zinaonekana hata na mtu ambaye hajawahi kugusa theodolaiti, chombo cha mpimaji cha kupimia pembe.

Lenzi ya kukuza mara kumi ndiyo inayoifungua ramani hii. Ukiiweka juu ya pwani ya Msumbiji utaona kwamba ufuo haukuchorwa kwa mstari mmoja mnene. Mchongaji ameuchora kwa mstari mwembamba, kisha upande wa bahari akaongeza vistari vifupi vilivyolala, kila kimoja kikianza kwa unene pale kinapogusa nchi kavu na kumalizikia kwa ncha kama ya sindano, na vistari hivyo vimefuatana ghuba kwa ghuba bila hata kimoja kumpotea mkononi. Hivyo ndivyo bahari inavyotengana na nchi kavu bila rangi yoyote. Majina ya bandari yameandikwa kuelekea ndani ya bara ili maji yabaki wazi, na herufi zake, nyingine zisizofikia hata milimita moja, zina mikunjo kamili. Ikumbukwe kwamba maneno hayo yote yalichongwa kinyume kwenye bamba la shaba nyekundu kwa patasi nyembamba ya chuma, ili yakipigwa chapa yasomeke sawasawa. Chini kulia, nje ya mpaka wa ramani, mna maandishi madogo André sculp., ambayo yanamtaja mchongaji. Jina la Bonne mwenyewe liko pamoja na cheo chake cha mhandisi wa jeshi la wanamaji. Ninapenda kwamba karatasi hii inawataja wote wawili, aliyekokotoa na aliyechonga, kwa sababu mnunuzi anapolipa leo huwa analipia zaidi mkono wa yule wa pili.

Msomaji wa Kisumu, Kakamega au Nakuru atatafuta kwao na hatapaona. Jina la ramani linasema inakomea Malindi, na Malindi iko zaidi ya digrii 3 kusini mwa Ikweta, ilhali Kisumu iko takriban dakika 6 tu (digrii moja ina dakika 60) kusini mwa mstari huohuo. Sisi tuko juu ya mpaka wake wa kaskazini. Hata kama karatasi ingerefushwa, mchoraji wa Paris asingekuwa na cha kuandika hapa. Msafiri Mwingereza Speke aliufikia ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria tarehe 3 Agosti 1858, miaka 78 baada ya ramani hii kuchapwa, na msafiri mwenzake Stanley ndiye aliyelizunguka kwa mashua mwaka 1875 akathibitishia Ulaya kwamba ni ziwa moja. Wavuvi wa Dunga na Uyoma walikuwa wakizijua pepo na ghuba zake tangu enzi za babu zao. Taarifa zao ndizo ambazo hazikuwa zimefika Paris. Nimesikia wakusanyaji wakiihesabu nafasi hii kuwa kasoro, wakitafuta badala yake ramani za karne ya 16 na 17 zenye milima na maziwa ya kubuni katikati ya bara. Mimi naona tofauti. Bonne alirithi msimamo wa kizazi cha Delisle na d'Anville, kwamba pasipo na ushahidi pasiandikwe kitu, na karatasi iliyoachwa nyeupe kwa uaminifu inanifaa zaidi kuliko mlima usiokuwapo.

Jambo moja la kuangalia kwa makini ni namba za longitudo. Ramani za Kifaransa za wakati huo zilihesabu kutoka Paris, ambayo iko digrii 2 na dakika 20 mashariki mwa Greenwich, au kutoka kisiwa cha Ferro katika visiwa vya Canary, kilichohesabiwa kuwa digrii 20 kamili magharibi mwa Paris. Kisumu, ambayo kwa Greenwich iko kwenye digrii 34 na dakika 45 mashariki, ingesomeka digrii 32 na dakika 25 kwa hesabu ya Paris, na digrii 52 na dakika 25 kwa hesabu ya Ferro. Mnunuzi asiyelijua hili huilinganisha Mombasa ya ramani na ile ya simu yake, kisha akahitimisha kwamba mchoraji alikosea vibaya mno. Greenwich ilikubaliwa kuwa mwanzo wa hesabu ya longitudo katika mkutano wa Washington mwaka 1884, na Ufaransa yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1911 ndipo ikafuata. Ukifanya hesabu hiyo kwanza, utashangaa jinsi pwani ya Bonne ilivyokaribia ukweli.

Kuna jambo jingine ambalo sioni likitajwa na wauzaji, na ambalo kwangu lina uzito kuliko umri wa karatasi. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lao lilikuwa mashamba ya Île de France, kisiwa ambacho leo ni Mauritius. Ramani ya Bonne ilitoka miaka minne baadaye. Kilwa, Mombasa na Malindi zilizoandikwa kwa tahajia ya Kifaransa ukingoni mwake zilikuwa bandari ambazo manahodha na wafanyabiashara wa aina hiyo walizitafuta, na ramani yenyewe iliwekwa katika kazi iliyolaani biashara waliyoifanya. Karatasi moja imebeba mambo yote mawili. Mtu anayetundika ramani hii sebuleni Kenya anapaswa kuyajua, na muuzaji anayeiandikia maelezo ya kuuzia angetenda haki kuyasema.

Tuilinganishe sasa na zile ambazo mnunuzi ataonyeshwa pamoja nayo. Guillaume Delisle, aliyezaliwa mwaka 1675 na kufariki 1726, alitoa ramani ya Afrika mwaka 1700 na nyingine mwaka 1722, na umaarufu wake kwa wakusanyaji ni wa haki kabisa. Tatizo ni kwamba baada ya kifo chake kampuni ya Covens na Mortier ya Amsterdam iliendelea kuchapa ramani zenye jina lake, kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa ananunua Delisle akapewa toleo la Amsterdam la miaka mingi baadaye, ambalo ni zuri ila halina bei ileile. Jean-Baptiste Bourguignon d'Anville ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Ramani yake ya Afrika ya mwaka 1749 ilifuta karne kadhaa za habari za kusikia na kuacha sehemu kubwa ya bara ikiwa tupu, kazi iliyofanywa na mtu ambaye inasimuliwa kwamba hakusafiri mbali na Paris na aliyekusanya ramani za wenzake kwa maelfu hadi mfalme akazinunua. Lakini ni karatasi mbili kubwa ambazo zikiunganishwa zinakaribia mita moja kila upande. Huilipia mara kadhaa ya bei ya Bonne, huilipia tena kwa kioo na fremu, na nyumba nyingi za Kisumu hazina ukuta mpana usiopigwa na jua wa kuiweka. Bellin yuko karibu zaidi na Bonne kwa ukubwa na bei. Ramani zake ndogo zilitoka katika mkusanyiko wa safari wa Padri Prévost kuanzia mwaka 1746, na katika atlasi yake ndogo ya bahari ya mwaka 1764 yenye juzuu 5 na ramani takriban 580. Anayependa mapambo kuzunguka kichwa cha ramani atampenda Bellin. Anayependa mstari safi atarudi kwa Bonne.

Kuhusu bei, ramani nyingi za Bonne za ukubwa huu huuzwa kati ya dola 50 na dola 200 za Marekani, na tofauti hiyo yote hutokana na hali ya karatasi. Kwanza ni ukali wa chapa. Bamba la shaba huchoka kwa kupitishwa mara kwa mara kwenye mashine, mistari myembamba hupauka kwanza, na nakala iliyotoka mapema ina wino mweusi uliokolea ambao hauigiki. Pili ni pambizo. Karatasi iliyokatwa hadi kwenye alama ya bamba, yaani ule mbonyeo wa mstatili ulioachwa na ukingo wa shaba, imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake hata kama ramani yenyewe ni nzima, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Mkunjo wa katikati ni wa asili, kwani ramani ilikunjwa ili iingie kitabuni, na hakuna sababu ya kuuogopa isipokuwa umeanza kupasuka sehemu za juu na chini. Madoa ya rangi ya kutu yanavumilika yakiwa pambizoni. Yakiwa katikati ya Madagaska, dai punguzo.

Rangi inahitaji kuelezwa zaidi, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Ramani za atlasi hii kwa kawaida zilitoka bila rangi. Nakala yenye bahari ya buluu na mipaka ya waridi kwa kawaida imepakwa na mtu wa karne ya 20 au ya 21 ili iuzike upesi, na ingawa wapo wapakaji wenye mkono mzuri, unakuwa umenunua kazi ya wawili waliotengana kwa miaka 200. Wauzaji waaminifu huandika kwamba rangi ni ya baadaye. Asiyeandika, muulize, na jibu lake lihifadhi kwa maandishi. Kwa kweli, mchongaji aliyetumia vistari vyote vile kutenganisha maji na nchi kavu alikuwa amekwisha kuimaliza kazi, na rangi ya juu yake huificha.

Nakala za kisasa zimejaa, na kuzitambua si kazi ngumu. Iinue karatasi mbele ya dirisha: ya mwaka 1780 kutoka kwa wachapaji hawa kwa kawaida huonyesha mistari ya wavu wa kutengenezea karatasi, mingi iliyosongamana upande mmoja na michache iliyoachana kwa sentimita mbili au tatu upande mwingine. Pitisha kidole polepole kwenye alama ya bamba, nawe utausikia mbonyeo. Mbonyeo huo unaweza kuigizwa kwa mashine, kwa hiyo usiishie hapo. Rudi kwenye lenzi. Wino uliochapwa kwa bamba la shaba hukaa juu ya karatasi kwa kimo kidogo kinachoonekana mwanga ukipigwa kutoka ubavuni, ilhali nakala ya mashine za leo huonyesha vitone vya rangi vilivyojipanga. Wapo pia wanaouza litografia za zamani, yaani karatasi zilizochapwa kwa jiwe bapa, kwa jina la michongo ya shaba. Litografia ilivumbuliwa na Senefelder mwaka 1796, kwa hiyo karatasi ya litografia haiwezi kuwa ya mwaka 1780, hata ikiwa imechakaa namna gani. Baada ya hayo, fungua Gallica, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ambayo haitozi malipo, utafute ramani za Bonne na kulinganisha mstari kwa mstari. Kwenye kona ya juu ya karatasi za Raynal mna alama ndogo inayoanza na Liv., iliyoonyesha ramani inakwenda na sehemu ipi ya kitabu, na kona hiyo ikiwa imekatwa uliza kwa nini.

Nakala yangu niliinunua kwa muuzaji mmoja wa Paris kwa dola 110, na kwa ujumla nimeridhika naye. Aliituma ikiwa imelala bapa katikati ya mbao nyembamba mbili na si ndani ya mrija, jambo ambalo ningemwomba kila muuzaji alifanye kwa karatasi ndogo, kwani ile iliyoviringishwa huanza kupasuka kwenye mkunjo wake wa kale. Aliambatanisha barua yenye sahihi inayotaja mwaka, atlasi na hali ya karatasi. Lawama yangu kwake ni moja: aliandika kwamba pambizo ni pana, ilhali ya upande wa kulia imebaki milimita chache nje ya mbonyeo, na picha ya tangazo lake ilikuwa imekatwa pale pale. Omba picha za kona zote nne, na nyingine ya mgongo wa karatasi, kabla ya kulipa. Mgongo ndio unaoonyesha mabaki ya gundi, viraka na seloteipu, na seloteipu ya zamani huacha doa la manjano ambalo si rahisi kuliondoa.

Wengi wanaoniuliza kuhusu ramani hizi huuliza kama zitapanda bei. Jibu langu ni kwamba mtu asinunue Bonne kwa nia hiyo. Ramani moja ina thamani mbili: ile ya bima, ambayo ni gharama ya kununua nyingine kama hiyo dukani Ulaya pamoja na usafirishaji na forodha, na ile ya kuuzia, ambayo mara nyingi ni nusu ya bei ya katalogi au chini yake, kwa sababu muuzaji anayeinunua kwako lazima aishi. Mnadani mambo ni hayohayo, kwani mnunuzi huongezewa ada ambayo katika nyumba nyingi za mnada huzidi asilimia 20, naye hupunguza anachokuwa tayari kutoa akijua hilo. Kutoka Kisumu utaongeza posta ya kwenda na hatari ya njiani. Unapotafuta mthamini, mchague anayetoza ada isiyobadilika, si asilimia ya thamani, na anayetaka kuishika karatasi mkononi au angalau kuona picha za karibu zenye rula kando yake. Tathmini nzuri hutaja jina la mchoraji, mchongaji, atlasi, mwaka, vipimo, kasoro zote, na huandika wazi ni ya bima au ya kuuzia. Isiyotaja hilo la mwisho haina kazi, na kampuni ya bima itairudisha.

Fremu ndiyo sehemu ya gharama inayofanyika hapa nyumbani, na ndiyo inayoweza kuua ramani kwa siku moja. Fundi wangu ana kibanda kidogo cha fremu mjini Kisumu na mkono wake katika kukata kona za mbao ni wa kuaminika kabisa, ila wateja wake wengi humletea picha za harusi na vyeti vya shule, ambavyo hubandikwa.

"Mzee, tuipige gundi kwenye hadibodi ikae bapa?" aliniuliza.

"Hapana, fundi. Hii isiguswe na gundi ya dukani popote."

"Sasa itashikwa na nini?"

Ilishikwa na vipande viwili vya karatasi laini ya Kijapani, kila kimoja kipana kama kidole gumba, vilivyobandikwa nyuma ya ukingo wa juu kwa uji mzito wa wanga wa ngano uliopikwa na kupozwa, na sehemu nyingine yote ya ramani ikaachwa ining'inie huru ili itanuke na kusinyaa unyevu unapobadilika. Uji huo hutoka kwa maji. Gundi nyeupe haitoki. Alilishika jambo hilo mara moja, na kwa hiari yake akaweka kipande cha tatu cha kujaribia kwenye karatasi ya kawaida kwanza. Kadibodi isiyo na asidi haikupatikana mjini ikabidi iagizwe Nairobi, nayo iliwekwa nyuma ya ramani na mbele yake kama dirisha lenye unene wa milimita tatu, kwa sababu kioo kikigusa karatasi, mvuke wa usiku hugandia hapo na ukungu huanza. Kazi yote, pamoja na fremu ya grevilea, ilinigharimu shilingi 6,500. Kwa ubora niliopewa naona ni bei ya haki, na huduma yake naipendekeza kwa mtu yeyote atakayechukua dakika chache kumweleza anachotaka.

Hali ya hewa ya kandokando ya ziwa haiipendelei karatasi. Joto la mchana, unyevu wa jioni na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaojazana kwenye taa hupenya mahali popote penye mwanya, na wakifia chini ya kioo huacha madoa. Kwa hiyo mgongo wa fremu yangu umefungwa pande zote kwa utepe wa karatasi, na ramani imetundikwa kwenye ukuta wa ndani wa korido, si ule unaolowa mvua ikipiga kutoka ziwani, wala mkabala na dirisha. Vipande viwili vya kizibo nyuma ya kona za chini huiweka fremu mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Aliye Nakuru, kwenye mwinuko mkubwa na baridi zaidi, ana kazi nyepesi kuliko yetu, lakini jua la huko ni kali na kioo cha kawaida hakizuii kupauka.

Anayetaka kuliona Ziwa Viktoria kwenye ramani yake asinunue Bonne. Atafute ramani ya Kifaransa iliyotoka baada ya safari ya Stanley ya mwaka 1875, akijua kwamba nyingi za wakati huo zina rangi za mashine na hazina ule mbonyeo wa shaba niliouzungumzia. Mwenye macho dhaifu pia ataona herufi zake ni ndogo mno akiwa amesimama mbele ya fremu, na hilo halina dawa isipokuwa lenzi. Kwa wengine wote, nakala isiyo na rangi, yenye wino uliokolea na pambizo kamili pande zote nne, inastahili hadi dola 150. Iliyopakwa rangi karibuni au kukatwa hadi kwenye alama ya bamba isilipiwe zaidi ya dola 70.